Jefferson Ampima Washington

Leo twasema habari za kiongozi aliyepimwa na mtu aliyepingana naye.

Jenerali George Washington aliongoza majeshi ya Marekani katika vita vya kujitoa katika utawala wa Waingereza. Mwaka 1789 akawa Rais wa kwanza, na Bwana Thomas Jefferson akawa waziri wake wa mambo ya nchi za nje. Wakatofautiana katika siasa, na mwisho wa mwaka 1793 Jefferson akaacha kazi.

Washington alifariki mwaka 1799. Mwezi wa Januari 1814 Jefferson alimwandikia barua rafiki yake, Walter Jones, akieleza Washington alikuwa mtu wa namna gani. Sikilizeni. Akili zake, asema, zilikuwa kubwa, lakini si za daraja la kwanza kabisa. Alifikiri polepole. Akiulizwa jambo kwa ghafula mbele ya watu, maneno yalimpungukia. Tena, kwa asili yake alikuwa mwepesi wa hasira.

Je, huyu ndiye mtu mkuu? Jefferson asema ndiye. Kwanza, hakutenda jambo mpaka amelipima pande zote. Akiona shaka, alingoja. Lakini akiisha kukata shauri, hakuna kizuizi kilichomrudisha. Hasira yake aliitawala. Na katika kuamua hakutazama udugu, wala faida yake, wala chuki. Mimi naona sifa hii ya mwisho ni nzito zaidi, maana aliyeiandika si mtu wa kumsifu bure.

Tena Jefferson alikuwa ameona kwa macho yake. Vita vilipokwisha, Washington alikuwa na jeshi na sifa. Wengine wangeishika nchi. Yeye, tarehe 23 Desemba 1783, alisimama mbele ya wajumbe mjini Annapolis, akarudisha hati yake ya ujenerali, akaenda zake shambani. Jefferson alikuwa mmoja wa wajumbe wale.

Shamba lile lililimwa na watumwa. Jefferson naye alikuwa nao. Washington aliandika katika wasia kwamba watumwa wake mwenyewe waachwe huru mkewe akiisha kufa. Jefferson alipokufa mwaka 1826, wengi wa watumwa wake waliuzwa kulipa madeni.

Sasa jadilianeni darasani: kama watumwa wale wangaliulizwa, wangalimpima Washington kwa sifa zipi?