HABARI ZA HOMESTEAD, MJI WA CHUMA
(Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanya kazi,

Leo tunataka kuwasimulia habari za mji mdogo wa mbali, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Mji huo ni Homestead, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kando ya mto Monongahela. Mto ndio ulioleta kazi, maana makaa ya mawe yalipita humo kwa matishari. Kiwanda kilianza mwaka wa 1881, na mwaka wa 1883 kikanunuliwa na tajiri Andrew Carnegie. Baadaye mawe ya chuma yaliyeyushwa ng'ambo katika tanuri za Carrie, na ule uji wa moto ukavushwa darajani kwa reli hadi Homestead.

Mwaka wa 1892 kiwanda kilikuwa na watu 3,800 hivi. Wenye chama walikuwa mafundi tu, kama 800. Vibarua, wengi wao wageni kutoka Ulaya ya Mashariki, hawakuwamo. Mapatano ya miaka mitatu yalikwisha tarehe 30 Juni. Carnegie alikuwa Scotland. Msimamizi wake, Henry Clay Frick, alitaka kupunguza malipo ya mafundi na kukiondoa chama kabisa. Akazungusha ua mrefu, akafunga milango.

Alidhani vibarua watakaa kando. Lakini walikutana, wakakata shauri kusimama pamoja na mafundi. Hata mkuu wa mji, John McLuckie, alikuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho hicho.

Usiku wa kuamkia 6 Julai, walinzi 300 wa kukodiwa wa Pinkerton waliletwa kwa matishari mawili. Watu wa mji, wanaume kwa wanawake, waliwangojea ukingoni. Risasi zililia tangu alfajiri. Watu wasiopungua 10 walikufa, na jioni walinzi wakasalimu amri. Lakini siku chache baadaye jimbo lilileta askari 8,000 hivi. Watu wapya wakaingizwa kazini, na mwezi wa Novemba njaa ikauvunja mgomo.

Ndugu, tazameni gharama yake. Viongozi walinyimwa kazi. Zamu ya saa 12 ilidumu katika viwanda vile mpaka mwaka wa 1923. Kampuni ilikikubali chama tena mwaka wa 1937, miaka 45 baadaye, na safari hiyo chama kilikuwa cha wote, fundi na kibarua.

Kiwanda kilifungwa mwaka wa 1986. Leo mahali pake pana maduka, na mabomba 12 ya moshi yamesimama bila moto.

Sisi twaona hivi: mafundi wale hawakukosa ushujaa. Walikosa kumwandikisha kibarua mapema. Walimhitaji siku ya vita, lakini siku za amani hawakumpa kadi wala kiti mkutanoni. Basi tuulizane usiku huu: mfagizi wa kazini kwetu ana kadi? Na kuli wa kutwa? Na mlinzi wa lango? Asiyekuwamo, kesho tumwendee kwa heshima, tumwite ndugu, tusingoje mpaka milango ifungwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa.