Ulingo Humfunza Mwanafunzi Kujitawala

Hotuba kwa wanafunzi, wakufunzi na wazazi kuhusu ndondi vyuoni



Mzazi akisikia kwamba mwanawe amejiunga na ndondi chuoni, huuliza: “Nilimpeleka kusoma au kupigana?” Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kweli.

Jibu linaanzia mazoezini. Bondia wa chuo hupanda ulingoni mara chache. Siku nyingi hukimbia alfajiri, huruka kamba na kupiga gunia huku kocha akimrekebisha miguu. Kabla ya pigano hupimwa uzani, na akizidi, hapigani. Katika soka, kosa la beki huweza kuokolewa na kipa. Ulingoni hakuna wa kumsingizia. Taratibu, mwanafunzi huzoea kupanga usingizi, chakula na wakati wake bila kusukumwa.

Somo la pili ni hasira. Anayeingia ulingoni na hasira hurusha makonde ovyo, pumzi humwishia mapema, na raundi ya tatu humkuta akimng’ang’ania mwenzake ili asianguke. Wahenga walisema hasira hasara, na bondia huliona jambo hilo kwa macho yake.

Somo la tatu ni kushindwa. Refa huwashika mkono mabondia wote wawili, kisha huinua mkono wa mmoja. Yule mwingine husimama pale pale mbele ya wanafunzi wenzake, humpongeza mpinzani, na kesho yake yumo darasani. Kijana aliyezoea hilo akianguka mtihani au akinyimwa kazi, hurudi kujiandaa upya.

Kenya inaufahamu utamu wa mchezo huu. Philip Waruinge wa Nakuru alileta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968, na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Robert Wangila alishinda dhahabu mjini Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kuipata nje ya riadha. Lakini mwaka 1994 Wangila huyo huyo alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pigano la kulipwa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Vyuo navyo vimewahi kulia. Nchini Marekani, mashindano ya kitaifa ya ndondi za vyuo yalianza mwaka 1932. Aprili 1960, Charlie Mohr wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyekuwa bingwa mwaka uliotangulia, aliumia ubongo katika fainali na kufariki siku 8 baadaye. Mashindano hayo hayakuandaliwa tena. Ndondi za vyuo zilipata chama kipya cha kitaifa mwaka 1976, na wanafunzi hupigana wakiwa wamevaa kofia za kukinga kichwa.

Kwa hiyo, somo kubwa kuliko yote ni kujua wakati wa kuacha. Kocha anayerusha taulo hamwaibishi bondia wake, anamrudisha nyumbani kwao. Mwanafunzi anayesema “kocha, kichwa kinaniuma” ni jasiri kuliko anayeficha maumivu ili asiachwe nje ya timu. Aliyeangushwa kwa konde la kichwa apumzike angalau siku 30, na asirudi mpaka daktari aridhike, hata kama fainali ni wiki ijayo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti wajibu wa michezo na viwanja vyake, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Wajibu huo hauishii kwenye kununua glavu. Pigano lisianze bila daktari kando ya ulingo na gari la kumfikisha majeruhi hospitalini. Daktari akikosekana, pigano liahirishwe, hata kama ukumbi umejaa mashabiki.

Wazazi, msione haya kuuliza: Daktari ni nani? Kocha amefunzwa wapi? Mtoto alipimwa lini? Chuo kikiwa na majibu, basi mwana hakupelekwa kupigana. Amepelekwa kusoma, na ulingo ni mojawapo ya madarasa yake.