Akiba ya Mtoto Isiwe Kosa



Katika nchi ya Marekani, ambako kila mtu huhimizwa kuweka fedha benki, lipo kundi ambalo kwa miaka mingi liliadhibiwa kwa kuweka akiba. Kundi hilo ni la walemavu maskini, wakiwamo watoto wenye usonji.

Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya posho iitwayo SSI, iliyoanza kulipwa Januari 1974 kwa wazee, vipofu na walemavu wasio na kitu, watoto wakiwamo. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Lakini anayepokea hatakiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Fedha zilizo benki zinahesabiwa. Kiwango hicho kimesimama pale pale tangu mwaka 1989, ingawa bei ya mkate haikukisubiri.

Tazama matokeo yake. Bibi akimwekea mjukuu dola 3,000 benki kwa jina la mtoto, ili zimfae ukubwani, mtoto anapoteza posho mpaka fedha hizo zipungue. Upendo wa bibi umegeuka hasara.

Sheria ya ABLE, iliyotiwa sahihi na Rais Obama Desemba 2014, ilikusudiwa kuondoa fedheha hiyo. Jimbo la Ohio lilikuwa la kwanza kufungua akaunti hizo, mwaka 2016. Dola laki moja za kwanza zilizo ndani yake hazihesabiwi katika kupima haki ya kupata SSI, na faida yake haitozwi kodi ikitumika kwa masomo, matibabu, nyumba, usafiri na mahitaji mengine yatokanayo na ulemavu. Ulemavu ulitakiwa uwe umeanza kabla ya umri wa miaka 26. Tangu Januari 2026 umri huo ni miaka 46.

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Posho hutazama mapato ya wazazi mpaka mtoto atimize miaka 18, hivyo mtoto wa wazazi wenye mishahara mizuri huweza kunyimwa. Akaunti haitazami mapato hayo. Mtoto aliyenyimwa posho kwa sababu hiyo aweza kuifungua kwa cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba ulemavu wake ni mzito. Mzazi anayekata tamaa baada ya jibu la kwanza huuacha mlango wa pili bila kuubisha.

Wala jina la usonji peke yake halitoshi kupata posho. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila mtoto apimwe kwa jinsi anavyomudu maisha yake. Sheria ya mwaka 1996 ikakaza kipimo hicho. Huulizwa kama mtoto anaelewa na kukumbuka, anachangamana na wenzake, anadumu katika kazi, na anajitawala. Maswali hayo hayajibiwi na daktari aliyemwona nusu saa. Mwalimu hupelekewa fomu ayajibu, na mwalimu anayeandika tu kwamba mtoto ni mtulivu, pasipo kueleza kwamba hasemi na mtu kutwa nzima, aweza kumkosesha haki yake bila kukusudia.

Sheria hii ya akiba ina dosari. Humfaa zaidi aliye na cha kuweka, na mwenye akaunti akifariki jimbo laweza kudai kilichobaki ili kurudisha gharama za matibabu ya Medicaid.

Kijana atimizapo miaka 18, mapato ya wazazi huacha kuhesabiwa, lakini ulemavu wake hupimwa upya kwa kanuni za watu wazima, ambazo huuliza kama aweza kufanya kazi. Wakati huo mwalimu aliyemfahamu tangu utotoni huenda ameshahama, na kinachobaki kumsemea ni taarifa alizoziandika na kuziacha katika jalada la shule.