Rhapta, Mji wa Vyombo Vilivyoshonwa

Wasikilizaji wetu, Wayunani wa kale walisema kwamba mji wao wa Athens ulipewa jina la Athena, mungu mke wa hadithi zao. Lakini mji mmoja wa biashara wa pwani yetu haukupewa jina la mungu. Katika kitabu cha Kiyunani, yapata mwaka 50 baada ya Kristo, mji huo waitwa Rhapta, kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba, kama mitepe. Huko zilinunuliwa pembe za ndovu, zikaletwa mikuki na mashoka. Mahali pake hapajathibitishwa hata leo; mji umepotea, sifa ya mafundi yadumu. Basi sisi tukaao Njoro, mbali na bahari, tusimdharau seremala wala msokota kamba.