Upasuaji wa Kunyonya Mafuta ya Mwili

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Idodi! Fungueni madaftari yenu. Mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba daktari aweza kutoa mafuta ya kiunoni akayatia makalioni?" Ndiyo, mama, ni kweli. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha umbo. Basi na tujifunze habari zake.

Kazi hii hufanywaje? Kwanza daktari huchora alama juu ya ngozi. Kisha hutia chini ya ngozi maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na dawa ya kupunguza damu. Njia hiyo ilielezwa na Daktari Jeffrey Klein wa Marekani mwaka 1987. Halafu hutoboa tundu dogo, huingiza mrija mwembamba, na mashine huvuta mafuta. Mrija wenye ncha butu ulianza kutumiwa na Daktari Yves-Gérard Illouz wa Ufaransa mwaka 1977. Baadaye mtu huvaa nguo ya kubana kwa majuma kadhaa.

Kazi hii si dawa ya unene. Hubadili umbo tu. Mtu akizidi kula kupita kiasi, mafuta yaliyobaki huongezeka.

Hatari iko wapi? Kutoa mafuta kwaweza kuleta damu nyingi, usaha, au ngozi yenye mabonde. Lakini hatari kubwa zaidi ni katika kuyatia makalioni. Ndani ya nyama ya makalio mna mishipa mikubwa ya damu. Ninyi wakulima wa mpunga mwajua: takataka ikianguka katika mfereji haikai hapo, huchukuliwa na maji mpaka jarubani. Vivyo hivyo, mafuta yakiingia mshipani huchukuliwa na damu mpaka moyoni na mapafuni. Mtu aweza kufa papo hapo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 vyama vya madaktari wa kazi hii vilionya kwamba mafuta yasitiwe ndani ya nyama. Yawekwe chini ya ngozi tu, juu ya nyama.

Basi uliza kwanza. Je, huyu ni daktari wa upasuaji kweli? Je, hapa ni hospitali? Mafuta yatawekwa wapi? Mtu anayetaka kukudunga sindano nyumbani au saluni, mkimbie.

Jambo la mwisho. Kabla ya kupasuliwa utapewa karatasi ya kukubali. Asiyejua kusoma huweka dole gumba tu. Wewe sasa wajua kusoma. Isome yote. Neno usilolijua, uliza. Usipoelewa, usitie sahihi.

Andikeni maneno haya: mrija, ganzi, mshipa, sahihi.

Maswali:
1. Kwa nini mafuta yasitiwe ndani ya nyama?
2. Utafanya nini kabla ya kutia sahihi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.