Kiongozi Ajizoeze Kabla ya Maafa



Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliokolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku kama hiyo, kiongozi aliye juu hulazimika kutoa amri ilhali habari ni nusunusu.

Huko Marekani, taasisi ya NIOSH ilitengeneza programu ya kompyuta iitwayo MERITS. Kiongozi huletewa ajali ya kubuni mgodini, naye huamua. Akikosea, hafi mtu.

Kwa machimbo madogo, kama ya Namungo, Ruangwa, zoezi laweza kuanza kwa karatasi na saa ya ukutani. Swali la kwanza katibu yeyote alijua: nani ameingia shimoni leo, na daftari la majina liko wapi? Lisiwe nalo limo shimoni.