Lenzi Tulivu Haimsimamishi Punda

Mazungumzo kwa vijana wapiga picha, Kaunti ya Lamu

Mbio za punda zinapofanyika kando ya bahari mjini Lamu, vijana wengi hujitokeza na kamera zao. Mbio hazirudiwi. Picha ya mshindi ikitoka na ukungu, mteja halipi na kumbukumbu imepotea.

Wengi hudhani kuwa swichi ya utulizaji kwenye lenzi huondoa ukungu wote. Sivyo. Ndani ya lenzi kuna vioo vinavyosogea ili kufidia mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Mwendo wa punda hauvihusu. Anayeshika kamera mahali pamoja na kupiga kwa 1/60 ya sekunde atapata ukuta uliotoka wazi na punda aliyefifia.

Dawa ni kasi ya shata. Mpiga picha aanzie 1/1000 ya sekunde. Mwanga ukipungua jioni, apanue tundu la lenzi na kuongeza ISO. Afadhali picha yenye chengachenga kuliko yenye ukungu. Kwa kasi hiyo utulizaji hauongezi mengi.

Faida yake huonekana anapomfuata punda kwa kamera kwa 1/60, ili mandhari ya nyuma yawe mistari. Lenzi yenye hali ya 2 iwekwe hapo: hutuliza mtikisiko wa juu na chini, na kuuacha mwendo wa kando.

Jaribuni mapema, kwa punda wanaopita barabarani, kabla ya siku ya mashindano.